Wageni wanataka kutembea uchi mashamba: niwajibu nini?

Wazee wetu wa safu hii, assalaam alaykum. Shikamooni.

Mimi ni mtembeza wageni, umri miaka 29, nina leseni yangu na naishi kusini mwa Unguja, pwani ya mashariki. Kazi yangu ni matembezi ya miguu: ufukweni maji yakitoka, mapangoni na Jozani. Mwezi uliopita nimepata barua pepe kutoka kwa kikundi cha Waingereza 12, wanawake na wanaume, wengi wao wastaafu. Wameandika kwa adabu sana. Wanasema kwao hukutana kila mwezi wakatembea mashamba na misituni, joto au baridi, bila nguo. Wanachovaa ni viatu, kofia na mkoba wa mgongoni tu. Wanataka kuja Zanzibar mara nne ndani ya mwaka mmoja, Februari, Mei, Agosti na Novemba, waijue misimu yetu yote, na kila safari iwe na siku tano za kutembea. Wameniuliza wapi panafaa.

Malipo waliyotaja yanashinda ninachopata kwa nusu mwaka, na nina nyumba inasubiri bati. Ami yangu mwenye mashua ananambia niwapeleke kwenye fungu la mchanga, kwani fungu halina mwenyewe. Rafiki yangu wa Pemba anasema msitu wa Ngezi siku za kazi haupiti mtu. Mama kasikia habari hii, na tangu Ijumaa hasemi na mimi.

Naomba mnisaidie. Watu hawa ni wa namna gani? Kweli hakuna pahali? Nikiwakatalia nitawajibu vipi nisiwapoteze? Na wakikubali kuvaa, nipange vipi matembezi ya misimu yote minne, maana mimi nimezoea Julai hadi Septemba tu? Wanangoja jibu mwisho wa mwezi ili wakate tiketi.

Mtembezi, Kusini Unguja

*

Waalaykumu salaam, kijana wetu. Marahaba.

Tunaanza na jibu, kwa sababu tiketi zinangoja. Kutembea uchi, hapana. Si ufukweni, si Ngezi, si kwenye fungu, si alfajiri kabla watu hawajaamka. Kukaa uchi hadharani ni kosa kwa sheria za Zanzibar, na ikiwa wewe mwenye leseni ndiye uliyewaongoza, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Wao watapanda ndege. Wewe utabaki na sheha, na polisi, na Kamisheni ya Utalii, na mlango wa mama yako. Kuhusu uhalali wa pesa yenyewe, mwulize sheikh unayemwamini akupe hukumu kwa ukamilifu. Lakini kwamba awra ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na kwamba kuiangalia ya mwenzio ni katazo kama kuionyesha yako, hilo ulifundishwa chuoni ukiwa mdogo.

Baada ya kusema hivyo, tunakuomba usiwajibu kama watu wahuni, kwa sababu sio. Wanaojiita wanaturisti ni watu wanaoona raha na afya katika kuacha mwili upate hewa, jua na maji, na katika matembezi yao mambo ya ngono hayaruhusiwi kabisa. Anayeleta utovu wa adabu hufukuzwa. Uingereza chama chao cha taifa kipo tangu 1964. Ujerumani jambo hili lina zaidi ya miaka mia, na katika milima ya Harz iko njia ya miguu ya kilomita 18 iliyofunguliwa 2010 mahsusi kwa watembeao uchi, yenye vibao mwanzoni vinavyomwonya asiyetaka kuwaona asiendelee mbele.

Kwao pia kazi hii ina utaratibu mkali, na ukiujua utaongea nao kwa lugha wanayoielewa. Kiongozi huipita njia kabla, huchagua siku za kazi badala ya wikiendi, huepuka njia inayopita karibu na skuli, hutanguliza mtu mmoja mbele na kuacha mmoja nyuma, na kila mtu hubeba kitambaa cha kujifunga karibu na mkono. Picha hazipigwi bila ruhusa ya kila aliyemo. Kila mmoja ana taulo dogo la kukalia. Misimu nayo huwaamrisha. Juni hadi Agosti majani yao yanayowasha na miiba ya vichakani huwa imefika kiunoni, kwa hiyo huhamia njia pana. Tangu majira ya machipuo hadi vuli yao kuna kupe wanaoweza kuambukiza maradhi ya Lyme, kwa hiyo baada ya matembezi kila mtu hukaguliwa nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Wakati wa baridi hutembea uchi pale tu mwili ulipopata moto kwa kupanda kilima, na wakisimama huvaa mara moja, kwa sababu upepo humpora mtu joto upesi kuliko anavyohisi. Hawa si watu wa kubabaisha. Wamezoea kuambiwa hapa vaa, hapa vua, na kutii.

Na hapa ndipo penye hoja yako kubwa. England na Wales uchi peke yake si kosa. Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2003, huwa kosa pale tu mtu alipokuwa na nia ya kumshtua au kumuudhi anayemwona. Lakini ukivuka mpaka kuingia Scotland, mambo hubadilika. Stephen Gough, aliyepita Uingereza kwa miguu tangu ncha ya kusini hadi ya kaskazini mwaka 2003 na 2004 akiwa na viatu na mkoba tu, alikamatwa huko mara nyingi na kukaa jela miaka kadhaa, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakataa madai yake mwaka 2014. Uswisi nako, mwaka 2009 wananchi wa jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden walikusanyika uwanjani, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na wakapiga marufuku kutembea uchi milimani mwao, faini faranga 200. Kwa hiyo huna haja ya kuwaomba radhi kwa niaba ya kisiwa kizima. Waambie kwamba hapa wenye njia wamekwishaamua, kama walivyoamua watu wa Appenzell. Mtembezi mwenye heshima wa Kiingereza analijua hili toka kwao.

Sasa fungu la ami yako. Kusema halina mwenyewe ni kosa la mtu aliye ndani ya mashua, maana yeye huliona likiwa tupu. Fungu ni la wavuvi wanaolipumzikia, la mashua za wageni wengine zinazofika saa ileile maji yanapotoka, na ni la bahari yenyewe. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, fungu dogo huibuka kwa saa chache na kumezwa tena. Watu 12 walio uchi, nguo zao ziko ndani ya mashua iliyotia nanga mbali kidogo kwa sababu maji ni machache, na ngalawa mbili zinakuja na tanga zimejaa: ami yako amelifikiria hilo? Ngezi nako si pweke kama rafiki yako anavyosema. Ni msitu wa hifadhi wenye walinzi na lango, barabara ya kwenda Makangale na Kigomasha inaupita katikati, na watoto huipita kwa baiskeli. Ufukwe wa Vumawimbi ulio nyuma yake huonekana mtupu hadi wavuvi warudi.

Tukwambie zaidi kuhusu pwani yako mwenyewe, maana hili wageni wengi hudanganywa na picha. Picha hupigwa maji yakiwa yamejaa, buluu tupu. Maji yakitoka, uwanda wote ule hadi mwambani huwa ni pahali pa kazi: wanawake wa mwani wanafunga mbegu kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, wengine wanatafuta pweza na chaza. Na bamvua kwetu maji hutoka kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, yaani saa ileile ambayo kikundi cha matembezi kingependa kuwa huko. Saa ya mtembezi na saa ya mkulima wa mwani ni moja. Hakuna ratiba itakayowatenganisha.

Sababu nyingine ni ngozi yenyewe, na pengine hii ndiyo itakayowashika upesi kuliko zote. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba. Kipimo cha ukali wa miale, ambacho London siku nzuri ya kiangazi hufika 6 au 7, hapa adhuhuri mara nyingi hupita 11, na mchanga mweupe huirudisha miale kutoka chini hadi kidevuni na nyuma ya magoti. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji mililita 30 hadi 35 za mafuta ya kuzuia jua kwa kila kupaka, na kupaka hurudiwa kila saa mbili. Watu 12 kwa saa sita ni zaidi ya lita moja kwa siku. Akivaa shati jepesi la mikono mirefu na suruali pana, kinachobaki ni uso, shingo, viganja na miguu, robo tu ya hiyo. Jingine ambalo watembeza wageni wengi hawaulizi: mgeni anayekunywa doksisaiklini kwa kujikinga na malaria huungua na jua upesi mno, hata kwa nusu saa. Waulize kila mmoja kwa maandishi dawa anazotumia. Huyo wa doksisaiklini mfunike kabisa.

Halafu kuna upupu. Baada ya masika maganda yake hukauka, na upepo wa kusi ukipuliza vinyweleo hupeperuka bila hata kuguswa mti. Kwa aliyevaa, hupata shingoni. Kwa aliye uchi, tusiseme. Ikitokea, asijikune wala asijifute kwa kitambaa, kwa sababu kufuta huvipachika vinyweleo ndani zaidi na kuvitawanya. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi, ubandue, urudie kwa kipande kipya hadi kuwashwa kupungue, ndipo aoshe kwa maji mengi na sabuni. Nguo zile zitiwe mfukoni, zifungwe, zisiingie garini na kukaliwa na wengine. Chukua utepe mpana kila safari. Na maweni unayajua: mtu akijikwaa juu ya jiwe la matumbawe, suruali huchanika badala ya goti.

Ukisoma barua yao tena utaona walichotaja mara nyingi ni hewa, maji, kikundi na misimu. Vyote hivyo unavyo. Unachowanyima ni kimoja, na kwa hicho wapatie mavazi ambayo mwili unapumua ndani yake. Mwanamke mmoja doti moja ya kanga, upande mmoja kiunoni na mmoja mabegani juu ya fulana nyepesi, na suruali pana ndani kwa kutembea. Mwanamume kikoi na shati la pamba lisilobana. Mabega hadi chini ya magoti yafunikwe kila pahali penye watu. Nguo za kuogelea ni za hoteli na mbele ya hoteli. Ua wa hoteli uliozibwa kuta ni mazungumzo baina ya mgeni na mwenye hoteli, na wewe usiwe dalali wa hilo.

Misimu sasa.

Februari ni kaskazi, joto linafika nyuzi 32 na 33, na maweni huvuta joto tangu saa tatu asubuhi. Miaka hii Ramadhani inaangukia humo, kwa hiyo tunakushauri safari hii uisogeze Januari, na uiangalie kalenda kila mwaka kwani mwezi unarudi nyuma siku 10 au 11. Ikibidi iwe ndani ya Ramadhani, wageni wasile wala kunywa njiani mbele za watu, na wewe uliyefunga usiongoze kilomita nane chini ya jua lile: mpe zamu mwenzio. Kwa kawaida ya kaskazi, isipokuwa siku ya uwanda wa bahari, ondokeni saa kumi na mbili na robo, kilomita 7 au 8 zisizidi, muwe kivulini saa tatu, na mzunguko mfupi wa pili uanze saa kumi na nusu jioni. Maji nusu lita kwa mtu kwa kila saa ya kutembea, na lita tatu kwa siku. Maji matupu hayatoshi kwa anayetoka jasho jingi. Madafu ni mazuri, na mkobani weka maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa kisu. Ukizidisha chumvi humdhuru. Mtu akianza kusema maneno yasiyoshikana au kupepesuka, hata kama bado anatoka jasho, matembezi yamekwisha: kivulini, mvulie viatu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na gari lije liwapeleke hospitali.

Matembezi ya uwanda wa bahari ndiyo yatakayowafurahisha Januari na Februari, na hayo yana hesabu yake. Angalia mwezi: bamvua huja siku mbili tatu kufuatia mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Ingieni uwandani saa moja kabla maji hayajatoka kabisa, na geukeni pale pale yanapokuwa yametoka kabisa, hata kama mwamba unaonekana karibu. Watu wengi hukosea hapa. Wanadhani bahari itarudi ikitokea mbele yao ili waione, kumbe huingia kwanza kwenye mikondo na madimbwi yaliyo nyuma yao karibu na ufukwe, na mtu asiyejua kuogelea hujikuta kazungukwa maji yakiwa ya magoti, kisha ya kiuno. Viatu viwe raba zenye soli ngumu, si ndara, kwa ajili ya ile miiba mirefu myeusi na samaki wa mawe. Asiinue mguu juu, aburure, samaki taa aliyejizika mchangani apate kuhisi na kukimbia. Zungukeni mashamba ya mwani, msikatize. Kamba moja iliyokanyagwa huangusha mbegu ya wiki kadhaa. Na ulizia kijijini kama mwamba umefungwa kwa ajili ya pweza, maana ukifungwa hata kuupita tu kwa kikundi huleta maneno.

Mei tungewaambia wazi kwamba ni masika, na hoteli nyingi hufunga. Lakini watu waliotembea kwenye theluji hawaogopi mvua, na kijani cha Mei hakipatikani mwezi mwengine. Wapeleke katikati ya Unguja: Kizimbani, Kindichi, msitu wa Masingini. Matembezi ya saa tatu, na siku moja kati ya tano iachwe wazi kwa mvua ya kutwa nzima. Adui mkubwa hapa ni mchubuko wa mapajani. Nguo ya pamba nzito ikilowa husugua, kwa hiyo msimu huu pekee kikoi kikae mkobani na wavae kitambaa chepesi kinachokauka upesi, na mafuta ya mgando mapajani kabla ya kutoka. Utelezi wa udongo mwekundu unahitaji fimbo moja kwa kila mtu. Siafu hutoka baada ya mvua: aliye mbele atazame chini, na wakivuka safu yao wavuke mmoja mmoja kwa hatua ndefu bila kusimama. Radi ikianza, tokeni minazini. Mabonde ya mpunga yapiteni juu ya matuta tu, na mwenye konde asalimiwe kwanza.

Agosti ni kipupwe, na Agosti tungewapeleka Pemba siku zote tano. Asubuhi nyuzi 21 au 22, mtu anaweza kilomita 12 bila kuchoka, na hatari yake ni hiyohiyo ya ubaridi: kusi linapuliza, ngozi haihisi moto, jua linaunguza kimyakimya. Mafuta ya jua ni yaleyale ya kaskazi. Ngezi pamoja na mwongozaji wa msitu, Vumawimbi, mnara wa taa wa Ras Kigomasha, na jioni moja Kidike kuwatazama popo wa Pemba wakiamka, mnyama ambaye hapatikani pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hicho. Mkikuta karafuu zimeanikwa juu ya majamvi kando ya njia, piteni mbali. Mgeni asiokote hata punje moja: karafuu ina mwenyewe na biashara yake ina sheria. Boti ya Pemba wakati wa kusi hurusha. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda, kwa sababu baada ya kuanza kutapika haisaidii.

Novemba ni vuli, manyunyu ya vipindi, maembe yameanza, na njia zako za Jozani zinapendeza. Kima punju waachiwe mita 3, wasilishwe chochote. Jioni mbu ni wengi, basi mikono mirefu tangu saa kumi na mbili. Hili wala halina ugumu, unaliweza.

Idadi: watu 12 wanahitaji watembeza wawili, wewe mbele na mwenzio nyuma, na kuhesabu vichwa kila njia panda. Kila shehia mtakayopita, sheha aarifiwe siku moja kabla. Ijumaa msipite vijijini baina ya saa sita na saa nane mchana. Utashangaa watu wakarimu kiasi gani kikundi kikipita kimevaa kanga na kikasalimia.

Kuhusu hofu ya kuwapoteza: watakaokwenda kwa mwengine ili tu wavue nguo, waache wende. Lakini watu walioandika kwa adabu na kuuliza kabla ya kuja, hao ni wa kujibiwa wote. Waandikie kwa ufupi, kwa Kiingereza chako, maneno kama haya:

"Ahsanteni kwa kuniuliza kabla ya kuja. Kutembea uchi Zanzibar hairuhusiwi kisheria, na ni jambo la kuwaumiza watu ninaoishi nao, kwa hiyo sitaliongoza pahali popote wala saa yoyote. Ninachoweza kuwapa ni matembezi ya misimu minne kwa mavazi mepesi ya kwetu: uwanda wa bahari Januari, mashamba ya viungo Mei, Pemba Agosti, Jozani Novemba. Mabega hadi chini ya magoti yafunikwe nje ya hoteli. Mtu akivua njiani, matembezi ya siku hiyo yanaishia hapo na malipo hayarudishwi. Mkikubali kwa maandishi, nitawatumia ratiba kamili pamoja na bei."

Sentensi ya kuvua njiani usiitoe hata ukiona ni kali. Ikiwa watu 11 watatii na mmoja akasahau, hiyo ndiyo itakayokulinda, na wao wenyewe wana kanuni kama hiyo kwenye vikundi vyao. Amana chukua safari moja moja, usipokee ya zote nne kwa pamoja, ili Januari ikikushinda usiwe na deni la Novemba.

Itume wiki hii, kabla hawajakata tiketi. Na kabla ya kuituma, kaa na mama barazani umsomee yote kwa Kiswahili.